Mazabodi ya Baba Mkwe

Mnaonifuata tangu mwanzo, poleni, na hongereni kwa moyo. Unayeingia leo usihofu, balaa langu halihitaji masomo. Nilikuwa na kazi katika kiwanda cha uchapaji, ikaota mbawa. Nikafungua duka la vifaa vya simu pamoja na rafiki niliyemwamini kuliko ndugu zangu, naye akahama na duka. Sisemi aliliiba. Alihama nalo, hadi rafu.

Mke wangu sikumwambia. Kila asubuhi nilivaa shati la dukani, nikaaga vizuri, nikaenda kukaa kwenye benchi la hospitali pamoja na wagonjwa wa nje, nao wakanizoea hadi wakaanza kuniuliza hali. Nilidumu hivyo wiki kadhaa, mpaka mwanamke anayetuuzia maji alipompa mke wangu pole ya duka.

Basi mara ya mwisho niliwaacha nyinyi pale getini, mke wangu ameshika begi na mapacha wetu, anarudi kwa wazazi wake. Hakulia wala hakunitukana. Ningependa angenitukana, maana matusi huwa na mwisho.

"Sikuachi kwa sababu ya duka," alisema. "Nitarudi siku utakayoniambia jambo baya kwa mdomo wako mwenyewe, kabla sijalisikia kwa watu."

Mtu mwenye akili timamu angeyashika maneno hayo kama yalivyo. Mimi nikayatafsiri kwamba anataka nitafute mtaji.

Wakwe zangu wakakaa kikao, nami nikaitwa kusikiliza. Kiongozi alikuwa baba mkwe, dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu, mtu asiyepoteza maneno. Wazo lilikuwa la shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, ambaye sote tunamwita Mtaalamu kwa sababu hakuna jambo duniani ambalo hajalitazamia video kwenye simu. Anajua kutibu meno, kuchimba visima na kusuluhisha ndoa, ingawa yake ilimshinda.

Mtaalamu akaeleza kwamba vijana wa mtaa wangu wamejaa na simu zao haziwezi michezo mikubwa. Sebule yangu ina mlango unaotazama barabara, na mke wa kulalamikia kelele hayupo. Niweke kompyuta moja yenye nguvu, vijana walipie kucheza, ikijilipa niongeze ya pili.

Nikashukuru hadi nikainama. Nikakunjua na mkono, nikijua kinachofuata.

Hakikufuata. Mama mkwe alisema, kwa ule upole wake unaotisha, kwamba wao wananipenda sana, ila mimi na fedha tusikutanishwe tena. Kila mmoja angenunua kifaa chake mwenyewe, akilete mwenyewe. Bajeti ilikuwa ndogo, na imani ilikuwa ndogo zaidi.

Nikajitutumua. Nikasema nimewahi kusikia dukani kwamba vifaa vya kompyuta huchaguliwa pamoja, maana kimoja hukubali hiki na kukataa kile. Baba mkwe akaniuliza ni lini nimewahi kuchagua kitu kikakubaliana na kingine. Nikamkumbuka mshirika wangu.

Vifaa vikaanza kuwasili.

Mama mkwe alileta kasha la kompyuta, lenye ubavu mmoja wa kioo. Alilipenda kwa sababu mtu anaona kila kinachoendelea ndani. Akaongeza kwamba angefurahi kama na wanaume wanaooa binti za watu wangetengenezwa hivyo.

Shangazi wa mke wangu, anayeuza nafaka, alileta pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme kwa vifaa vingine. Dukani alizinyanyua zote moja moja kwa mkono, akachukua iliyokuwa nzito kuliko zote. Swali lingine hakuuliza.

Mtaalamu alileta prosesa, yaani ubongo wenyewe wa mashine, pamoja na vijiti vyake vya memori. Akaniwekea kiganjani polepole kana kwamba ananikabidhi figo yake.

Baba mkwe akaleta mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba vifaa vyote vingine. Ulikuwa wa kijani, aliupata kwenye mnada wa vifaa vya ofisi, akawa ameufuta vumbi kwa brashi ya viatu. "Huu umefanya kazi ofisi kubwa," akaniambia. "Haujawahi kuchelewa." Sikuelewa ubao huchelewaje, lakini nilielewa kwamba nalinganishwa nao.

Kadi ya grafiki, inayochora picha kwenye skrini, nilikuwa nayo mimi. Mteja mmoja aliiweka rehani dukani akapotea, na mshirika wangu aliisahau chini ya kaunta alipokuwa anahama. Nilimpigia mke wangu nimuulize naye atachangia nini. Akasema yeye alikwisha kuchangia ujana wake.

Siku ya kuunganisha, Mtaalamu alikuja amekunja mikono ya shati. Akaegemeza simu yake kwenye kopo la sukari, video ikaanza, naye akanitangazia kuwa ni kazi nyepesi, sawa na kuweka laini kwenye simu.

Prosesa yake ilikuwa na miguu midogo tele kwa chini, myembamba kuliko sindano. Tukafungua soketi ya mazabodi ya mzee, pale prosesa inapokaa. Nayo ilikuwa na vijino vyake vimesimama. Miguu huku, meno kule. Hata mimi niliyefeli ufundi shuleni niliona hapo hakuna ndoa.

"Kandamiza kidogo," akasema Mtaalamu.

Nikamwambia itavunjika.

"Shemeji, kila kitu kipya hubana mwanzo."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikataa ushauri mbaya, na wala sikupata hata pongezi. Tukahamia kwenye memori. Mkato wa kijiti ulikuwa upande huu, kizuizi cha mazabodi kilikuwa upande ule. Mtaalamu akakigeuza, akakigeuza tena, akakipuliza. Akasema ni hali ya hewa. Tukajaribu kadi yangu ndani ya kasha la mama mkwe, nayo ikagoma kwenye kona, imezidi urefu kwa upana wa vidole viwili.

Hapo simu ya Mtaalamu ikaita, jambo la dharura. Simu yake ina adabu sana, huita kila kazi inapokuwa ngumu. Akala kona akiniachia vifaa vya ukoo mzima mezani, na video inaendelea kichwani mwangu.

Nikavifunga kwenye shuka, nikaenda navyo kwa fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili. Ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, anayeitwa Mama Risasi kwa sababu ya ile risasi anayoyeyusha kuunganisha nyaya. Bei zake zinauma na ulimi wake unauma zaidi. Alifungua shuka, akatazama, akanitazama mimi.

"Nani amekuchagulia hivi?"

"Familia ya mke wangu."

"Huwa wanaongea?"

"Sana."

"Basi wanaongea kila mtu na ukuta wake," akasema, akavuta kiti.

Kasha halikumsumbua. Angeng'oa kichanja cha ndani ambacho hakina kazi, na kadi ingeingia. Alipoinyanyua pawa saplai ya shangazi akaipima tena mkononi, akauliza nani kainunua. Nikamweleza habari ya uzito. Akasema hicho ndicho kifaa pekee kilichochaguliwa na mtu mzima, na kama shangazi akichoka kuuza nafaka aje waelewane.

Kisha akaweka mazabodi upande mmoja, prosesa na memori upande mwingine.

"Hawa hawajuani," akasema. "Kampuni mbalimbali, umri mbalimbali. Ama uutoe huu ubao, ama uitoe prosesa na memori zake. Chagua."

Hapo ndipo kompyuta ilipoishia na ukoo ukaanza.

Nikitoa prosesa, nimemkana Mtaalamu, na Mtaalamu akikasirika hutuma ujumbe wa sauti kwa ukoo wote, mrefu, wenye vituo vya kunywa maji. Isitoshe, vitu vyake ndivyo vyenye nguvu ya michezo. Nikitoa mazabodi, nimemkana baba mkwe. Mzee huyu kaka yake aliwahi kumrudishia blanketi la zawadi akisema ni dogo. Mpaka leo hawasemeshani. Wakikutana msibani hupitisha salamu kwa mtu wa tatu, hata wakiwa wamekaa benchi moja. Na huyu ndiye mwenye nyumba anamolala mke wangu na watoto wangu.

Mwenye busara angempigia mzee simu, akamweleza taratibu, akaomba radhi. Wazo hilo lilinijia, siwezi kukana. Likaja na lingine nyuma yake, zuri zaidi, kwamba mzee haoni vizuri.

Mama Risasi alikuwa na mazabodi iliyotumika, nyeusi, inayokubaliana na prosesa ya Mtaalamu. Akasema angechukua ile ya kijani, na juu yake spika zetu mbili za sebuleni. Nikaenda kuzileta.

"Mwenye ubao anajua?" akauliza.

"Atajua."

"Lini?"

"Akiuliza."

Akasema yeye huunganisha mashine tu, ndoa hagusi.

Mchana uliofuata mashine ikawaka. Feni zikazunguka, taa zikawaka ndani ya kioo cha mama mkwe, skrini ikafunguka. Siwadanganyi, machozi yalinitoka. Ilikuwa muda mrefu tangu kitu nilichokigusa kifanye kilichokusudiwa. Nikampigia mke wangu hapo hapo.

Alifurahi. Nilisikia kabisa sauti yake imelegea, nikawasikia na mapacha nyuma wanauliza kama ni mimi. Akaniuliza swali moja dogo, kama viliingia vyote bila shida.

Mlango ndio huo, umefunguliwa na mwenyewe. Nilichotakiwa ni kupita tu. Nikasema, "Vyote. Utadhani vimezaliwa pamoja."

Akasema atakuja Jumamosi kwenye ufunguzi.

Jumamosi alasiri sebule ikajaa. Vijana walikuwa wamepanga foleni barazani tangu mapema. Wakwe zangu wakaketi kwenye viti vya mbele wamevaa vizuri, na mke wangu akakaa kwenye kiti cha karibu na ukuta, amevaa ile nguo ya bluu aliyojishonea mwenyewe. Yeye ni mshonaji katika kiwanda cha sare za shule, nguo zake hukaa mwilini kuliko za madukani. Nilimtazama nikajiambia nitafanya lolote arudi. Lolote, isipokuwa lile moja aliloniomba.

Nilidhani watatazama skrini. Hakuna aliyetazama skrini. Kila mmoja alikuja kukitazama kifaa chake kupitia kioo, na mama mkwe alisimama pembeni ya kasha na kitambaa, akifuta alama za vidole kila mtu anapotoka. Shangazi alitaka kuishika pawa saplai yake, akaambiwa ina umeme, akaridhika kuinyooshea kidole. Mtaalamu aliwaeleza vijana jinsi alivyoifunga mashine yote kwa mikono yake. Akasema siri ni kujua kukandamiza.

Kisha baba mkwe akainuka. Akatia mkono mfukoni, akatoa miwani.

Miwani mipya. Mama mkwe akaniambia kwa furaha kwamba wametoka kuichukua siku hiyo hiyo, mzee sasa anasoma hata vibao vya mbali. Nikasema hongera.

Mzee akainama mbele ya kioo. Akatazama juu, akatazama chini, bila haraka.

"Wangu ni upi?"

Nikaunyooshea kidole ubao mweusi.

"Wangu ulikuwa wa kijani."

Mke wangu aliinua macho, akanitazama. Na mdomo wangu, ambao sijawahi kuuelewa, ukafunguka wenyewe.

"Ni umeme, baba. Ukishapita, ubao hubadilika rangi."

Sikuwahi kusikia upuuzi wa namna hiyo, na mimi ndiye niliyeusema. Nikasubiri paa lidondoke. Badala yake Mtaalamu, ambaye afadhali ang'olewe jino kuliko kukutwa hajui jambo, akatikisa kichwa polepole.

"Kweli, baba," akasema. "Hiyo teknolojia ni ya siku nyingi."

Vijana wawili wakaitikia. Shangazi akasema hata maharage hubadilika yakipata moto. Mambo yakawa yamepita hivyo, kwa kura za wengi.

Mzee akanyooka. Nilidhani anarudi kitini, kumbe ananijia mimi. Akaniwekea mkono begani, mbele ya watu wote.

"Nilikuwa nasema wewe ni mtu asiyeweza kutunza kitu," akasema. "Leo nimekiona kitu changu mahali pake. Nisamehe, mkwe."

Afadhali angenizaba kofi. Kofi ningelimeza. Mzee ananiomba msamaha! Nikainamisha kichwa, na watu wakadhani nimeguswa. Nilikuwa nimeaibika, na hakukuwa na mtu wa kuaibika naye.

Mchezo wa kwanza ukaanza, mpira wa miguu, kelele zikapanda. Mke wangu akasimama. Akanipa ishara ya kichwa, akatangulia kwenye korido inayokwenda jikoni.

Nikajua amejua. Pengine Mama Risasi, pengine muuza maji, mtaa wangu una vyanzo vingi. Nilitembea zile hatua nikipiga hesabu zangu za kawaida: nisubiri aseme yeye, nisikie anajua kiasi gani, kisha nami nikubali kiasi hicho hicho. Ndivyo nilivyoishi siku zote. Lakini mkono wa mzee nilikuwa bado nausikia begani, nami nikachoka. Sina neno zuri zaidi ya hilo, nilichoka na mimi mwenyewe. Alipogeuka kunikabili, nikamtangulia.

"Mama Pacha, ule ubao si wa baba. Wa baba ulikataa, nikaubadilisha kwa fundi, pamoja na spika zetu. Sikumwambia kwa sababu niliogopa. Na wewe kwenye simu nilikudanganya."

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Fundi. Na wewe."

"Hakuna aliyeniambia," akasema, sauti imebadilika. "Sikuwa najua, Baba Pacha. Nilidhani kweli umeme unabadilisha."

Akacheka, mkono mdomoni, mabega yanatikisika, hata machozi yakamtoka, na hapo katikati kicheko kikaisha yakabaki machozi. Akanishika kola ya shati akainyoosha, kama alivyokuwa akinifanyia zamani nikienda kazini. Nilijiona mshindi. Nyinyi mnaonijua mnajua hiyo kwangu huwa ni dalili mbaya.

"Leo umeniambia," akasema. "Kwa hiyo na mimi nikuambie, usije ukasikia nje."

Nikamuuliza kuna nini.

"Kiwandani wamefungua tawi mji mwingine. Wananitaka nikasimamie washonaji. Nilikubali juzi, baada ya ile simu yako. Kuna kitu kwenye sauti yako hakikukaa sawa, nikajiambia huyu hatabadilika. Ninaondoka Jumatatu na watoto."

Juzi. Baada ya simu yangu. Nilihisi ukuta umesogea, nikauegemea.

"Baba anajua?"

Akatazama chini. "Hajui mtu."

Ningekuwa na nguvu ningecheka. Mwanamke aliyenihama kwa sababu ya siri alikuwa amesimama mbele yangu na siri kubwa kuliko mazabodi zote za mnadani. Lakini sikuwa na nguvu, na alikuwa bado amenishika kola.

"Nyumba wameshanipa, ina vyumba vya kututosha wote," akasema. "Njoo nasi. Ila ile mashine haiji, ni ya mama na shangazi na kaka na baba, na wewe unajua watasema nini ukiichukua. Watasema umehama na duka."

Kabla sijafungua mdomo, sebuleni pakalipuka shangwe, kijana amefunga goli. Katikati ya kelele nikaisikia sauti ya baba mkwe, mtu asiyepoteza maneno, ananiita kwa furaha ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nije upesi, wamekaa kikao cha haraka pale pale vitini. Wananunua mashine ya pili. Na safari hii, akasema mzee, fedha nitakabidhiwa mimi mkononi, nichague mwenyewe. Wanachotaka ni neno langu tu kwamba nipo.

Mlango wa korido ukafunguka. Walikuwa wamesimama wote, wananitazama, mzee mbele na miwani yake mipya, mkono kwenye mfuko wa koti.

Mke wangu akaniachia kola.

"Wajibu," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini leo, Baba Pacha, liwe jibu moja kwa watu wote."